Kengele ya Mtoto

Kengele ya kanisa letu kule Kansay si kengele hasa. Ni rimu ya lori iliyofungwa kwa mnyororo kwenye tawi la mti, kando ya mlango wa kanisa, na hugongwa kwa kipande cha nondo. Aliyeitoa ni dereva wa lori la vitunguu aliyepinduka kwenye korongo akatoka mzima. Alipotafuta cha kumshukuru Mungu akakuta kilichobaki ni rimu. Sauti yake haina utamu wowote, lakini inavuka korongo na kupanda upande wa pili, na mtu anayepalilia maharage ya ngwara kule juu huisikia akanyoosha mgongo.

Aliyekuwa akiipiga ni mama yangu. Tangu nipate akili nilimwona akitoka na ile nondo, ameilaza begani kama jembe. Nondo ilikaa nyumbani kwetu, nyuma ya mlango, kwa sababu ikiachwa kanisani huibwa. Chuma hakina dini.

Kila mlio una maana yake, na huku kwetu hakuna anayefundishwa maana hizo. Mtu hukua nazo masikioni. Ya Jumapili hupigwa kwa mkono mwepesi, bila kituo. Akifa mtu mzima, hupigwa pole pole: pigo moja, kisha mpigaji anangoja mpaka sauti ife kabisa ndipo apige jingine. Akifa mtoto, hupigwa haraka haraka, ndogo ndogo, kama mtu anayebisha hodi kwa woga. Kengele ya mtoto ikilia, kila mama aliye shambani huacha jembe na kuwatafuta wake kwanza. Akishawaona wote ndipo anauliza ni wa nani.

Na si kila maiti hupigiwa. Kengele ni ya aliyebatizwa na ambaye hajatengwa na kanisa. Aliyetengwa akifa kabla ya kurudi kundini, ndugu zake humzika kimya: hakuna kengele, hakuna kwaya, mchungaji haji na joho. Ambaye hajabatizwa, hata akiwa na umri wa saa moja, naye hivyo hivyo. Niliyajua haya kabla sijajua kusoma.

Mama alikuwa mtu wa matendo. Sina namna nyingine ya kusema. Kanisa lilipojengwa, mawe ya msingi yalibebwa kutoka korongoni vichwani mwa wanawake, na yeye alibeba mpaka utosi ukaota kipara kidogo ambacho hakikuwahi kurudisha nywele. Alifagia kanisa kila Jumamosi. Alifua vitambaa vya madhabahu. Mjane akibomokewa jiko, mama alikwenda na udongo. Mwanamke akijifungua, mama alitangulia na uji. Mimi nilimfuata nyuma na ndoo, nikinung'unika. Nilikuwa mtoto wa kununa na nimekuwa mtu mzima wa kununa, na kila nilipolalamika alinijibu kwa methali ile ile: mchumia juani hulia kivulini. Kivuli chenyewe kilikuwa mbinguni. Alikiona wazi kabisa, kama mtu anavyouona mlima Oldeani asubuhi kabla ya mawingu.

Baba hakuchumia popote. Alikuwa mzuri wa sura, mcheshi kilabuni, na mkatili nyumbani. Nikisema mkatili sitii chumvi. Alipiga kwa chochote kilichokuwa karibu na mkono wake, na mama alizoea kuweka mwiko na kuni mbali kabla hajaingia, kama mtu anayeanua nguo akiona wingu.

Jioni moja, mimi nikiwa darasa la tatu, alirudi kutoka mnadani ameuza dume la ng'ombe na kulinywa. Mama alikuwa mjamzito, tumbo limeshuka. Alimuuliza dume liko wapi. Hakumfokea, aliuliza kama mtu anayeuliza saa. Baba alimsukuma akaangukia jiwe la kusagia, kisha akampiga teke pale pale alipoangukia. Niliona kila kitu kutoka kwenye mlango wa zizi. Kesho yake mtoto alizaliwa, wa kiume, mzito, mwenye nywele nyingi, ameshakufa.

Wanawake wa jirani walimzika nyuma ya zizi. Mama aliomba kengele. Mwinjilisti wa mtaa wetu wakati huo alikuwa kijana, na alisimama nje ya mlango, kofia mkononi, akasema kwa huzuni ambayo naamini ilikuwa ya kweli kwamba mtoto hakubatizwa, kwa hiyo haiwezekani. Kisha ikafuata mila ya kwetu Wairaqw, ambayo ni ya kale kuliko kanisa na haikwenda popote kanisa lilipokuja: mwanamke aliyefiwa na mtoto namna ile hukaa ndani. Hatembelewi, hachangii moto na majirani, hateki maji kisima kimoja nao mpaka muda upite. Kwa hiyo mama alikaa ndani peke yake, maziwa yakimvuja, na nondo nyuma ya mlango. Siku aliyoruhusiwa kutoka, alikwenda kupanda miti ya manyara kuzunguka kile kifusi cha kaburi, ikawa uzio. Baada ya hapo akaenda kufagia kanisa.

Baba aliondoka mwaka uliofuata. Alishuka Mang'ola kwenye mashamba ya vitunguu, akaishi na mwanamke mwingine kandokando ya Ziwa Eyasi, na kanisa likamtenga. Jina lake lilisomwa Jumapili mbele ya watu wote, na mama alikuwa amekaa benchi la pili, mgongo wima. Nilifurahi. Nilidhani Mungu amesema neno la mwisho.

Miaka ilikwenda. Nikasoma, nikawa mwalimu wa shule ya msingi Karatu mjini, nikajenga nyumba ndogo pembeni ya barabara iendayo geti la Ngorongoro, ambako magari ya watalii hupita asubuhi yakiwa yamejaa kofia na kurudi jioni yakiwa yamejaa vumbi. Jumamosi nafundisha kipaimara. Somo langu ni lile ambalo kanisa letu limesimama juu yake: mtu haokolewi kwa matendo yake mema. Anaokolewa kwa neema, kwa kuamini tu, na wokovu ni zawadi ambayo hakuna awezaye kuifanyia kazi wala kuistahili. Nimelifundisha kwa miaka mingi. Watoto wanalikariri, wanasimama mbele ya usharika, wanalisema bila kukosea, wanapigwa picha. Sikuwahi kulipenda wala kulichukia. Lilikuwa somo, kama jedwali la kuzidisha.

Kisha baba akarudishwa.

Aliletwa kutoka Mang'ola kwenye kiti cha nyuma cha bodaboda, amefungwa kwa kanga mgongoni mwa dereva asije akaanguka, maana koo lilikuwa limeziba kwa saratani na mwili umebaki mifupa. Yule mwanamke wa vitunguu alikuwa amechoka naye. Nilipopigiwa simu nikakimbilia Kansay nikiwa na maneno yangu tayari mdomoni: arudishwe alikotoka. Nilimkuta mama ameshamlaza kwenye kitanda chake mwenyewe, anamchuja uji kwa kitambaa.

"Aayo," nilimwambia, kwa maana hivyo ndivyo tunavyomwita mama kwa Kiiraqw, "huyu mtu humjui?"

"Namjua."

"Kwa hiyo umemsamehe?"

"Nani kakwambia?" Aliendelea kuchuja. "Mgonjwa anaoshwa. Hata mbwa akivunjika mguu anafungwa."

Na kweli alimwosha, akamgeuza, akamsafisha kinyesi, kila siku, kwa mikono ile ile na kwa moyo ule ule aliofagia nao kanisa. Lakini hakuwahi kukaa naye. Akimaliza alitoka. Baba alimfuata kwa macho mpaka mlangoni, na macho yake yalikuwa makubwa sana wakati huo, maana uso uliobaki ulikuwa mdogo.

Alipoona hafiki mavuno, baba alimwomba mama amwite mchungaji. Alitaka kurudi kundini.

Mchungaji wetu ni kijana, mtu wa Mbulu, mpole, na kwa ninavyomfahamu ni mwaminifu. Alikuja na mzee mmoja wa kanisa, na huyo mzee alikuwa yule yule aliyesimama nje ya mlango wetu zamani akiwa mwinjilisti, kofia mkononi. Waliingia kwa baba. Mimi nilikaa pembeni. Mama alikataa kuingia. Alisema ana chai motoni.

Mchungaji aliuliza pole pole. Je, anakiri kuwa ametenda dhambi? Baba aliitikia kwa kichwa. Je, anaamini kwamba Kristo alikufa kwa ajili yake? Baba alifungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa kama upepo chini ya mlango: "Naamini. Sina kitu kingine." Alilia. Mchungaji akamwekea mikono kichwani, akamtangazia msamaha, akalowesha kipande cha mkate kwenye divai na kumgusisha ulimini kwa kuwa hakuweza kumeza. Ilichukua muda mfupi kuliko wa kuchemsha maharage.

Nilitoka nje. Nilikuwa nimelisimamia somo hilo ubaoni mwaka baada ya mwaka, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuliona likifanya kazi, na nilitamani kulifuta.

Mchungaji alipotoka alimfuata mama jikoni. Nilikuwa mlangoni, nikasikia yote.

"Mama, baba amerudi kundini. Nilitamani sana ungempa mkono."

"Chai hiyo hapo, Mchungaji. Sukari nimetia."

"Mama."

Mama alifuta mikono. "Nikuulize kitu, Mchungaji, unisamehe, mimi sikusoma. Huyu amefanya nini?"

"Hakufanya kitu. Ndiyo maana ya neema. Ameamini."

"Leo?"

"Leo."

"Na anakwenda mahali pale pale ninapokwenda mimi."

"Pale pale."

"Mimi nimebeba mawe ya kanisa lile."

Mchungaji hakuigusa chai. Nadhani angeweza kudanganya, na watu wengi wangedanganya. "Mawe hayaokoi, mama," alisema. "Kama mawe yangekuokoa wewe, Kristo angekuwa amekufa bure."

Mama alimtazama kwa muda mrefu bila hasira. Sijawahi kuona mtu akinyang'anywa shamba, lakini nadhani uso huwa hivyo. Alikuwa ametembea juani maisha yake yote, na sasa anaambiwa kivuli hakikuwa mshahara. Na aliyekaa kivulini kabla yake ni yule aliyemuulia mtoto.

"Basi kunywa chai," alisema. "Itapoa."

Baba alikufa wiki ile ile, asubuhi, ng'ombe wakitoka kwenda malishoni. Nilikuwa pale kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa. Mama alimfumba macho, akamfunga taya kwa kitambaa, akanawa. Mzee wa kanisa alifika upesi, pamoja na majirani wawili watatu, na kila mtu akawa anauzunguka mlango bila kuutazama, kwa sababu ya kile kilichokuwa nyuma yake. Marehemu alikuwa wa kundini. Alistahili kengele. Na mpiga kengele alikuwa mkewe.

"Mama," mzee alisema kwa upole, "siyo lazima wewe. Nitampa kijana yeyote."

"Hapana," mama alijibu. "Kazi ni yangu."

Akachukua nondo, akailaza begani, akatoka. Nilimfuata. Kanisa liko juu kidogo ya nyumba yetu, na njia ni mawe matupu. Alipanda bila kupumzika. Sikujua atafanya nini, na nilijua hatapiga kengele ile kama kawaida. Niliogopa angeitupa nondo korongoni. Kwa kweli nilitamani aitupe.

Alisimama chini ya mti, akavuta pumzi. Kisha akapiga haraka haraka, ndogo ndogo.

Nilidhani amechanganyikiwa. Alipiga kengele ya mtoto, tena kwa muda mrefu, na korongo lote likaipokea. Chini niliona watu wakitoka majumbani. Mwanamke mmoja upande wa pili aliacha debe la maji likamwagika, akakimbia huku akiita jina la mwanawe. Mwingine alianza kulia kwa sauti kabla hata hajajua. Bodaboda iliyokuwa ikipanda ilizimwa pale pale njiani. Kata nzima ilikuwa ikihesabu watoto wake, na mama yangu hakuacha.

Mzee wa kanisa alifika akihema. "Mama, mama, umekosea. Hiyo ni ya mtoto."

"Sijakosea."

"Kafa mtoto wa nani?"

"Wangu."

"Wako yupi?"

"Aliye nyuma ya zizi. Wewe ulikuwepo." Aliishusha nondo. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. "Ulisimama mlangoni kwangu ukasema haiwezekani."

Mzee aliinamisha uso. "Hakubatizwa, mama. Hakuwahi hata kupumua."

"Najua. Nilimbeba mimi. Hakufanya jema lolote, hakuwahi kusema naamini." Alielekeza nondo kule nyumbani. "Na yule pale hakufanya jema hata moja, na neno lenyewe kalisema siku alipoishiwa maneno mengine. Mmeniambia ni bure. Sikatai. Lakini kama ni bure, ni bure mpaka nyuma ya zizi."

 

Kisha akageuka, akampigia baba. Alimpigia vizuri, pole pole, akingoja kila pigo life kabisa, bila kupunguza hata moja. Akarudi nyumbani, akasonga ugali wa waombolezaji. Baba alizikwa kwa kwaya na joho. Watu walipokwenda kutupa udongo, mama alibaki jikoni akisugua sufuria.

Yaliyofuata nilipaswa kuyategemea. Watu walikuwa wamekasirika, na sikuwalaumu wote. Mwanamke mmoja mjamzito alikuwa ameanguka akikimbia siku ile, ingawa yeye na mimba yake walipona. Wazee wa kanisa wakakaa. Mama aliitwa. Alichotakiwa kilikuwa kidogo: asimame Jumapili aseme kwamba alitumia kengele vibaya, kwamba alipiga kwa uchungu. Mchungaji mwenyewe alimsihi. Alisema, "Mama, sema tu ulikuwa na uchungu. Ni kweli, au siyo?"

"Ni kweli nilikuwa na uchungu," alisema. "Lakini si kweli kwamba nilikosea."

Wakamtenga. Jina lake lilisomwa mbele ya watu wote, kama la baba lilivyosomwa. Fagio la kanisa akapewa mwingine, vitambaa vya madhabahu vikachukuliwa. Rimu ikaanza kupigwa kwa spana kuukuu, kwa sababu hakuna aliyepata uso wa kuja kudai nondo. Iliendelea kukaa nyuma ya mlango.

Nilikasirika kwa niaba yake mpaka nikaumwa kichwa. Nilitaka kuacha kufundisha. Nilimwambia ahamie kwangu Karatu, ajiunge na kanisa jingine. Makanisa mjini ni mengi kuliko maduka ya dawa. Alikataa. Jumapili alikwenda kanisani kama kawaida, akakaa nje chini ya dirisha, juu ya jiwe la msingi lililotokeza ukutani. Huenda alilibeba mwenyewe. Ndani waliimba, naye nje aliimba, na wakati wa Meza ya Bwana alijifunika kanga usoni.

Kilichonisumbua zaidi ni kwamba aliacha kuhangaika. Zamani hakuweza kukaa bila kazi mkononi hata wakati wa kula. Sasa nilimkuta ameketi kando ya uzio wa manyara, mikono mapajani, akitazama tu. Nilidhani wamemuua kabla ya siku zake. Nilipomuuliza anafikiri nini, alisema, "Sifikiri. Nimepumzika." Sikumwamini.

Mwaka huu, mvua za masika zilipokatika, akaanza kuvimba miguu. Moyo, alisema daktari, na akaniangalia namna madaktari wanavyoangalia ndugu. Nilimchukua nikakaa naye mjini. Alilala karibu na dirisha, magari ya watalii yakipita, na siku moja aliniuliza wale watu huwa wanakwenda kuangalia nini huko kreta kila siku. Nikamwambia simba. Akasema wangekuja Kansay angewaonyesha fisi bila kiingilio. Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipomsikia akitania. Baadaye akataka kurudi kwake, nikamrudisha.

Mchungaji alikuja kumwona, bila kuitwa. Aliketi kwenye kigoda kando ya kitanda. Alimwambia kwamba neno moja tu lingetosha, hata pale kitandani, hata kwa kunong'ona, na kesho yake angekuwa wa kundini, na yote yangekwisha. Nilijua alikuwa anampa kile kile alichompa baba, kwa nia njema. Nilijua pia kwamba neno lililotakiwa safari hii halikuwa "naamini." Lilikuwa "nilikosea."

"Mchungaji," mama alisema, "ulinifundisha vizuri. Mwanzoni nilikuchukia. Uliponiambia mawe hayaokoi, niliona umeninyang'anya kila kitu." Alitulia apate pumzi. "Sasa na fagio sina, na kengele sina, na Meza sina. Nimebaki vile vile kama yule mtoto. Kama yeye yumo, nami nimo. Kama yeye hayumo, sitaki kuingia."

 Mchungaji alikaa pale mpaka kigiza kikaanza kuingia, kisha akaomba ruhusa ya kuondoka. Mlangoni aliniangalia kama anayetaka nimsaidie. Sikumsaidia.

Nilipobaki peke yangu na mama, nilichukua ile nondo nyuma ya mlango, nikamwonyesha. Nilikuwa nimeamua siku nyingi. "Aayo, wasipokupigia wao, nitakupigia mimi. Nitapiga mpaka rimu ipasuke. Nao wanitenge."

Aliitazama nondo, akanitazama mimi. Nilitegemea atafurahi.

"Usipige," alisema.

"Kwa nini?"

"Usinifanyie kazi yoyote. Nimefanya kazi za kutosha." Alinishika mkono, wake ulikuwa baridi na laini, mkono usio na sugu, ambao sikuwahi kuujua. "Kama ni bure, acha iwe bure."

Sijui kama ile ilikuwa imani au ilikuwa hasira iliyokosa mahali pengine pa kwenda. Nimejiuliza sana. Wapo wanaoniambia ni imani kubwa, na wapo wanaosema bibi alikufa na kiburi chake, na wote wanalisema jikoni kwangu wakinywa chai yangu. Ninachojua ni kwamba alikufa asubuhi iliyofuata, na sikupiga. Hilo ndilo jambo gumu kuliko yote niliyowahi kufanya, nalo lilikuwa kutofanya kitu. Nilisimama mlangoni na nondo mkononi, nikilitazama kanisa kule juu, mikono ikiniwasha. Ng'ombe walitoka. Mtu alipita na mkokoteni akanisalimu, "Saita," nikaitika.

Hakuna aliyetangaza msiba. Sikumpigia simu mtu yeyote zaidi ya wadogo zangu wanaoishi mbali. Lakini kufikia saa nne uwanja ulikuwa umejaa. Walikuja na magunia ya viazi, na kuni, na masufuria vichwani, wale wale waliokasirika, na yule mwanamke aliyeanguka akikimbia, mtoto wake mgongoni. Mzee wa kanisa naye alikuja, akakaa mbali kidogo, kofia mkononi.

Tulimchimbia nyuma ya zizi. Ilibidi kukata ua wa manyara upande mmoja ili makaburi yote mawili yawe ndani ya uzio mmoja. Utomvu mweupe ukawarukia wachimbaji mikononi. Ardhi ya pale ni mawe, na walipofika kiunoni majembe yakagoma.

Hapo ndipo mchungaji alipotokea. Hakuwa na joho. Alivaa buti za mpira na koti la kazi, na hakuja na kwaya wala kitabu. Hakusema neno la dini hata moja. Nadhani hakuruhusiwa, na nadhani hakutaka. Alivua koti, akalitundika kwenye mti wa uzio, akanijia nilipokuwa nimesimama, akaninyooshea mkono. Nilimpa nondo, ambayo sikuwa nimeiweka chini tangu asubuhi. Akashuka kaburini, akaanza kulitindua jiwe lililokuwa limekwama upande wa kichwani. Lilikuwa jiwe kubwa, halikutaka kutoka. Alilipiga kwa ncha ya nondo, haraka haraka, ndogo ndogo, asije akawapiga wenzake miguuni.

Kina mama waliokuwa jikoni waliinua vichwa. Kila mmoja aliangaza macho uwanjani akiwatafuta wake. Walipokwisha kuwaona wote wakatazamana, kisha wakaendelea kumenya viazi.